Kabla ya Kumchukua Mnyama, Hesabu Saa: Maswali Yenu Kuhusu Mbwa na Paka wa Ghorofani

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wapangaji wa nyumba za ghorofa pembezoni mwa miji, watu wanaoamka na giza ili wawahi kazini na ambao wangependa kumpa makazi mbwa au paka aliyeokolewa. Wanaojibu ni daktari wa mifugo na mshauri wa masuala ya upangaji. Majina ya waliotuandikia tumeyahifadhi.

Nina nyumba ndogo, vyumba viwili, ghorofa ya tano. Natoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 1 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Nataka kuchukua mbwa mdogo kutoka kituo cha uokoaji, kwa kuwa mdogo hahitaji nafasi. Nitafute wa aina gani?
*Mpangaji, ghorofa ya tano*

Ndugu mpangaji, usianze na nafasi, anza na saa. Tangu mlango ufungwe hadi ufunguliwe tena, mbwa wako atakaa peke yake saa 13. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kubana mkojo saa sita hadi nane. Kwa mtoto wa mbwa, kipimo cha kukadiria ni umri wake kwa miezi, ukiongeza moja: wa miezi mitatu usimtarajie avuke saa nne. Hapo tumezungumzia kibofu tu. Upweke nao una kikomo chake, na washauri wengi wa ustawi wa wanyama husema mbwa asizoeshwe kuachwa peke yake zaidi ya saa nne mfululizo.

Kwa ratiba yako, lazima mtu aingie humo ndani walau mara moja, saa 6:30 mchana, ili siku igawanyike vipande viwili vya saa sita na nusu. Mara mbili ni bora zaidi. Mtafute mtu huyo kabla hujamtafuta mbwa. Kubaliana naye ujira, uzidishe kwa siku 22 za kazi katika mwezi, kisha ongeza chakula, chanjo, dawa za minyoo na viroboto, na akiba ya dharura. Mfuko ukikataa, mbwa asubiri hadi ratiba yako ibadilike. Katika hali kama hiyo tungekushauri paka wawili wazima ambao tayari wamezoeana kituoni. Jozi za namna hiyo hukaa muda mrefu bila kuchukuliwa kwa sababu watu wengi huomba paka mmoja, na wao wanaimudu siku ndefu kuliko mbwa.

Ikiwa msaidizi yupo na bado unataka mbwa, usidanganyike na umbo. Mbwa wengi wa jamii ya terrier ni wadogo, lakini walizalishwa kwa ajili ya kufukuza panya na wanyama wa mashimoni. Wana nguvu nyingi na hubweka upesi wakisikia kishindo kwenye ngazi. Greyhound, mbwa mrefu wa mbio, akishastaafu mashindano hufika kilo 30, na sehemu kubwa ya siku hulala. Hata hivyo wanyama wengi wa vituoni ni chotara, kwa hiyo jina la jamii litakusaidia kidogo tu. Yatakayokusaidia ni majibu ya maswali haya: Je, amewahi kuishi ndani ya nyumba? Amewahi kuachwa peke yake kwa muda gani, na alifanya nini? Anapanda ngazi? Anawaonaje watu wasiomfahamu wakimpita karibu mahali pembamba? Kama amekaa kwa familia ya muda, omba kuzungumza na familia hiyo yenyewe. Mbwa aliyenyamaza kizimbani kwa hofu anaweza kuwa mwingine kabisa akishakaa sebuleni.

Na roshani isihesabiwe kuwa uwanja wa mbwa. Ni mahali pa kuota jua ukiwa naye.

Tunachagua kati ya miji miwili ya pembezoni. Wa kwanza una treni inayofika katikati ya jiji kwa dakika 35, lakini hupita kila nusu saa. Wa pili una basi la dakika 50 linalopita kila dakika 8. Tuna mbwa mmoja mzima. Tuhamie wapi?
*Mke na mume*

Kwenye karatasi treni inashinda. Sasa ongezeni miguu. Kwa mwendo wa kawaida mita 800 ni dakika 10. Tuseme nyumba iko kilomita 1.6 kutoka stesheni: dakika 20 za kutembea, 5 za kuwahi kabla treni haijafika, 35 ndani ya treni na 10 hadi ofisini. Jumla ni 70. Kwa basi, tuseme kituo kiko karibu: dakika 5 za kutembea, wastani wa 4 za kusubiri, 50 barabarani na 5 za mwisho. Jumla ni 64. Tofauti kubwa zaidi huonekana jioni. Mkicheleweshwa kazini dakika tano, treni imeshaondoka na mbwa ataongezewa nusu saa. Kwa basi ataongezewa dakika nane.

Hata hivyo basi lina adui yake, nayo ni foleni. Hizo dakika 50 zinaweza kuwa za saa tano asubuhi tu, barabara ikiwa nyeupe. Ndiyo maana hatuwaambii mchague lipi kabla hamjajaribu yote mawili siku ya kazi, asubuhi saa zenu na jioni saa zenu, mkipima kutoka mlango hadi mlango. Jaribio la Jumapili halina thamani. Mkiweza, siku moja iwe ya mvua. Kisha pangeni maisha kwa kufuata siku mbaya, msifuate siku nzuri, na angalieni treni au basi la mwisho la usiku ni la saa ngapi.

Mwanafizikia Mwitaliano Cesare Marchetti aliandika mwaka 1994 kwamba watu wa zama na miji tofauti huelekea kutumia takriban saa moja kwa siku safarini, kwenda na kurudi. Nyinyi mtavuka saa mbili kwa njia yoyote ile. Si jambo lisilowezekana, ila kumbukeni kuwa kila nusu saa inayoongezeka upande mmoja ni saa nzima ya ziada ambayo mbwa anaukodolea macho mlango.

Baada ya usafiri, utembeeni mji wenyewe kwa miguu, mkianzia mlango wa jengo mnalolitaka. Pana udongo au majani ndani ya mita 400? Mbwa anayeharisha usiku hawezi kusubiri zaidi ya hapo. Njia ina taa saa 11 alfajiri? Kuna mbwa wanaorandaranda bila kamba kwenye njia hiyo? Kliniki ya mifugo iliyo karibu hufungwa saa ngapi, na ya dharura ya usiku iko umbali gani kwa gari? Ulizeni pia masharti ya wanyama kwenye treni na basi, maana baadhi ya huduma huruhusu tu mnyama aliye ndani ya kikapu kilichofungwa, na mbwa wenu hataenea humo. Rudini tena Jumamosi mkiwa na mbwa, mshuke kituo kimoja kabla ya mji na mtembee hadi kituo kinachofuata. Kwa matembezi hayo mtajua kama mwisho wa wiki mna pa kwenda, au mtabaki kuzunguka eneo la kuegesha magari.

Mwenye nyumba ameniambia kwa mdomo kuwa paka "hana shida". Inatosha?
*Mpangaji mpya*

Haitoshi. Nyumba inaweza kuuzwa, wakala akabadilika, au jirani akalalamika, na kauli ya mdomo huwezi kuithibitisha. Omba nyongeza ya mkataba yenye sahihi za pande zote mbili, ikitaja aina ya mnyama, idadi yake, uzito wake akishakua, na nani atalipia uharibifu gani. Iseme waziwazi kama fedha unayotoa ni amana itakayorudishwa au ni ada isiyorudi. Mambo haya mawili ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi siku ya kuhama. Siku ya kuingia, piga picha sakafu, milango, fremu na mapazia, umtumie mwenye nyumba ili tarehe ibaki kwenye kumbukumbu.

Halafu omba kusoma kanuni za jengo zima. Mwenye nyumba anaweza kukubali huku kamati ya wakazi ikikataza, na wa kupata taabu utakuwa wewe. Kwa mbwa, angalia kikomo cha uzito: kanuni ikisema kilo 10, usichukue mtoto wa mbwa ambaye hakuna ajuaye atafika wapi. Chukua mzima, umpime.

Tumemchukua mbwa wa miaka mitatu, sasa ni wiki ya pili. Tukitoka tu, analia, anakwangua mlango na anakojoa sakafuni. Majirani wawili wameshalalamika. Tukiwa nyumbani ni mpole kabisa. Tumfungie kizimbani?
*Dada wa jengo la pembeni*

Dada, kizimba kiache kwanza. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa, akifungiwa asipopazoea, huuma vyuma hadi kuvunja meno au kung'oa kucha. Kola za kutoa umeme nazo ziache, pamoja na kumkaripia mkirudi: hawezi kuunganisha ukali wa sasa na mkojo wa saa mbili zilizopita, atajifunza tu kuogopa kurudi kwenu.

Kwanza mjue mnapambana na nini. Wekeni simu ya zamani irekodi tangu mnapotoka. Mbwa anayebweka pale tu lifti inapolia au mtu anapopita ana tatizo la sauti. Anayelala saa nzima kisha akaanza kutafuna kiatu amechoshwa na kukaa bure. Lakini anayehema, kudondosha mate, kukwangua mlango na kukataa hata kipande cha nyama ndani ya nusu saa ya kwanza, huyo anaogopa upweke. Kwa maelezo yako tunaelekea kwenye hilo la tatu. Daktari ampime mkojo pia, kwani maambukizi ya kibofu yanaweza kuchangia.

Mafunzo yake ni ya polepole, na yana sharti moja gumu: wakati yanaendelea, asiachwe peke yake zaidi ya muda anaoumudu. Kila siku anayoachwa hadi kufikia kilio inabomoa mlichojenga. Gawaneni zamu, ombeni ndugu au jirani akae naye, ombeni kazi za kufanyia nyumbani, au mlipieni mahali pa kulelewa mchana.

Anzeni na dalili za safari. Chukueni funguo, vaeni viatu, kisha kaeni kwenye kiti. Rudieni mara kumi kwa siku hadi asiinue hata kichwa. Baada ya hapo fungueni mlango na mfunge bila kutoka. Halafu tokeni kwa sekunde moja, tano, tatu, kumi, nne, ishirini. Muda usipande kila mara. Mbwa hutambua mapema kwamba kila safari ni ndefu kuliko iliyopita, na wasiwasi huanza kabla hamjagusa kitasa. Rudini wakati bado ametulia. Dakika 15 hadi 20 kwa siku, siku tano za wiki, zinatosha. Nusu saa ya kwanza ndiyo hula wiki nyingi. Akishafika dakika 40 akiwa amelala, hatua zinazofuata zinaweza kuwa za dakika 10 au 15 kwa mkupuo. Akirudi kulia, shukeni hadi muda wa mwisho aliotulia, kaeni hapo siku mbili tatu, ndipo mpande tena.

Kama baada ya wiki kadhaa hata dakika moja ni shida, zungumzeni na daktari wa mifugo kuhusu dawa. Fluoksetini na klomipramini hutumika kwa tatizo hili, huchukua wiki nne hadi sita kuonyesha nguvu yake kamili, na hufanya kazi pamoja na mafunzo, si badala yake. Msimpe dawa ya binadamu iliyoko kabatini.

Kuhusu majirani: waandikieni karatasi fupi yenye namba ya simu, mkiwaeleza mnachofanya na saa mnazotoka. Mtu anayejua kuwa jambo linashughulikiwa huvumilia zaidi, na atawapigia nyinyi kabla ya kumpigia meneja wa jengo. Punguzeni sauti yenyewe pia. Hamisheni kitanda cha mbwa kutoka ukuta wa korido hadi chumba cha ndani. Zibeni uwazi wa chini ya mlango kwa ukanda wa mpira. Washeni feni, mngurumo wake usiobadilika hufunika vishindo vya ngazini. Kwa jirani wa chini, mlio wa kucha sakafuni hupunguzwa na zulia lenye tandiko nene chini yake, likianzia mlangoni hadi jikoni ambako mbwa hupita zaidi, na kucha zikatwe kila baada ya wiki tatu au nne.

Wiki mbili bado ni mapema. Vituo vingi hutumia kipimo cha siku tatu za mshtuko, wiki tatu za kujifunza ratiba, na miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Si sheria, lakini inatosha kuwazuia msimrudishe mbwa huyu kabla hajaonyesha tabia yake halisi.

Paka wetu mpya yuko chini ya kitanda tangu juzi. Hali chakula. Tumvute atoke?
*Mama wa watoto wawili*

Msimvute, mama. Lakini suala la kutokula lina saa zake. Paka asiyekula kabisa kwa saa 24, mpigie daktari simu. Zikifika 48, mpeleke. Paka, hasa mnene, akikaa bila chakula siku chache anaweza kupata ugonjwa wa ini kujaa mafuta, nao huua.

Nyumba nzima ni kubwa mno kwake sasa. Mtengeeni chumba kimoja chenye mlango wa kufungwa: choo upande mmoja, chakula na maji upande mwingine mbali na choo, sanduku la kadibodi lililokatwa tundu awe na maficho mnayoweza kuyafikia, na kitu cha kupandia juu. Mpeni chakula kilekile alichokula kituoni, cha maji kikipashwa moto kidogo ili kinukie. Mtu mmoja aingie, akae sakafuni bila kumtazama usoni, asome au anyamaze kwa dakika 20. Watoto wasubiri hadi atoke mwenyewe.

Choo cha paka ndicho hukosewa zaidi katika nyumba ndogo. Beseni liwe na urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake bila mkia, mchanga usio na manukato wenye kina cha sentimita 5 hadi 7, uchafu uondolewe kila siku. Idadi ya mabeseni ni idadi ya paka, jumlisha moja, na yasipangwe yote kona moja, maana paka atayahesabu kuwa moja. Akikojoa nje, safisheni kwa sabuni yenye vimeng'enya. Dawa zenye amonia hunukia kama mkojo na humwita arudi palepale. Dume anayekwenda chooni mara kwa mara, akijikamua bila kutoa mkojo, ni dharura ya saa hiyohiyo, hata ikiwa usiku wa manane.

Kabla hajaachiwa nyumba nzima, wekeni nyavu madirishani na kwenye roshani. Paka huanguka akifukuza ndege au akishtuka usingizini, na ghorofa ya pili inatosha kumvunja taya na kifua. Wavu wa mbu wa plastiki huchanika. Tumieni wavu imara wenye matundu yasiyozidi sentimita 3, uliofungwa kwenye fremu pande zote. Dirisha linaloinamia ndani kutoka juu lifungwe kabisa au liwekewe kinga pembeni, kwani paka hunasa kwenye ule uwazi wenye umbo la V na kubanwa mbavu. Na maua ya jamii ya Lilium, ambayo wengi huyaita yungiyungi, yasiingie nyumbani mwenu kabisa. Hata chavuo iliyoangukia manyoya, akiilamba, inaweza kuua figo zake.

Maswali mafupi

*Mbwa wangu anaogopa lifti.* Usimburute. Mpe kitoweo mbele ya mlango ukiwa wazi, kisha mguu mmoja ndani, kisha ghorofa moja tu, saa ambazo hakuna watu. Shika kamba ikiwa fupi na hakikisha mbwa na kamba yote viko upande wako kabla mlango haujafunga. Kamba iliyonasa nje humnyonga mbwa lifti inapoanza kwenda. Kamba zinazojivuta na kurefuka zisitumike humo.

*Ana afya, kituo kimesema. Lazima daktari?* Ndiyo, ndani ya wiki ya kwanza, pamoja na kinyesi cha kupima minyoo na giadia, kimelea cha utumbo. Kikohozi cha vituoni kinaweza kujitokeza hadi wiki mbili baada ya kuambukizwa. Kama una mnyama mwingine, watenge kwa siku 14. Kwa paka, omba kipimo cha virusi vya FIV (upungufu wa kinga ya paka) na FeLV (saratani ya damu ya paka) kabla hajakutana na mwenzake. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini usiipake paka, ni sumu kwake.

*Nini kitatokea akitoroka mji asioujua?* Mbwa wa kuokolewa hutoroka zaidi siku za mwanzo, mara nyingi kwa kurudi kinyumenyume hadi kola ivuke kichwa. Mvishe mkanda wa kifua na kola, kamba ifungwe kwenye vyote viwili kwa miezi ya kwanza. Chipu iliyo chini ya ngozi ina namba tu, kwa kawaida tarakimu 15. Haisemi yuko wapi na haimjui mwenye mbwa mpaka wewe usajili jina na simu yako kwenye hifadhidata yake. Fanya hivyo siku unayomchukua, na uibadilishe siku unayohama.